NYUMBA YA DENI: UNANUNUA MJENGO AU UNANUNUA KESI?

Nyie ndugu zetu wa Ufipa mnaosoma huku mmejifunika makoti kwa baridi yenu ile isiyobisha hodi, nawasalimu kwa namna ya pekee, maana wiki hii tunapanda huko huko juu kwenu. Mada yetu ni ya nyumba, na ni ya pesa, na kwa wengine itakuwa ya machozi kama hawatasoma mpaka mwisho.

Ukikaa na madalali wa Sumbawanga, pale mjini kati au huko Kizwite, Izia na Katandala, hukawii kusikia maneno matamu kama haya: “Mzee wangu, nyumba ipo, imekamilika, ina wapangaji tayari. Mwenyewe amehamishwa kikazi. Wewe unampa kianzio chake, halafu lile deni la benki unaendelea kulilipa mdogo mdogo. Kodi ya wapangaji ndiyo italipa benki. Wewe kazi yako kulala tu!”

Haya, nani asiyependa kulala huku nyumba inajilipa yenyewe? Mfanyabiashara wa mahindi aliyeuza mzigo vizuri, mama mwenye duka la vitenge, mstaafu aliyepata kiinua mgongo, wote wakisikia hivyo moyo unadunda. Na biashara yenyewe si haramu, msomaji wangu. Kununua nyumba ambayo bado ina mkopo ni jambo linalowezekana, na likifanywa kwa taratibu linamsaidia muuzaji na linamsaidia mnunuzi. Ila kuna njia ya wazi na kuna njia ya chochoroni. Bahati mbaya ya chochoroni ndiyo inayopendwa, kwa sababu ni ya haraka na haina foleni.

KWA NINI SUMBAWANGA?

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na Sumbawanga ikawa makao makuu yake. Mji wa makao makuu ni mji wa watumishi: walimu, manesi, mabwana shamba, mahakimu, maofisa wa halmashauri. Mtumishi anajenga kwa mkopo, nyumba haijakauka rangi, barua ya uhamisho hii hapa, anatakiwa Lindi au Dodoma. Na tangu lami ilipofika kutoka Tunduma, mji umepata wageni wengi wanaotafuta vyumba vya kupanga. Kwa hiyo upande mmoja yupo anayetaka kuondoka na deni mgongoni, upande wa pili yupo mwenye pesa ya mavuno anayetaka kitega uchumi. Dalali yeye yupo katikati, anawaunganisha wawili hao na kuchukua chake.

Sasa tuchukue mfano, na huu ni mfano tu, asije mtu akasema nimemsema. Mwalimu fulani ana nyumba Sumbawanga yenye hati. Inauzwa shilingi milioni 60. Benki bado inamdai milioni 24. Anakuja mfanyabiashara wa mahindi, wanakubaliana ampe mwalimu milioni 36 mkononi, halafu mfanyabiashara awe anapeleka marejesho ya benki kila mwezi kwa jina la mwalimu. Wanaandikishana karatasi mbele ya mashahidi wawili, wanapiga picha, wanakula migebuka na ugali, kila mtu anaenda zake. Benki haijaambiwa kitu.

Mnaona mambo swafi, siyo? Ngojeni kwanza.

BALAA LA KWANZA: HATI SI YAKO

Nyumba iliyowekwa rehani hati yake ipo kabatini kwa mkopeshaji, na rehani yenyewe imeandikishwa kwa Msajili wa Hati. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inamtaka aliyeweka rehani asihamishe milki bila ridhaa ya maandishi ya mkopeshaji. Mkopeshaji naye hatakiwi kuikatalia bila sababu ya maana. Maana yake mlango wa kuomba upo, ila lazima ubishe hodi. Ile karatasi ya mashahidi wawili haikuhamishii milki. Kwenye daftari la serikali mwenye nyumba bado ni mwalimu, na benki bado imeishika shingo.

Watu wa mikoa mingine wakisikia jina la Sumbawanga wanaanza utani wao wa radi. Basi niwaambie, hata radi haifuti rehani iliyosajiliwa. Inafutwa kwa deni kulipwa na mkopeshaji kutoa hati ya kuiondoa, basi.

BALAA LA PILI: NOTISI INAENDA KWINGINE

Tuseme mwezi wa pili na wa tatu biashara imelala. Mvua zimekolea, barabara za vijijini hazipitiki, Fuso limekwama, mahindi ya msimu uliopita umeshayamaliza. Marejesho mawili yanapita hayajalipwa. Sheria inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 60 kabla hajachukua hatua kali. Vizuri sana, lakini notisi hiyo anapelekewa nani? Anapelekewa mkopaji anayejulikana na benki, yaani mwalimu, ambaye sasa yuko Lindi na namba ya simu kabadilisha. Wewe utapata habari siku dalali wa mnada anapita na kipaza sauti nje ya geti lako. Na yule atakayenunua mnadani kwa nia njema analindwa na sheria. Wewe mwenye karatasi ya mashahidi wawili utabaki kumtafuta mwalimu.

BALAA LA TATU: MWENYE DENI ANAKOPA TENA

Mwalimu si mwizi, ila naye ni binadamu. Mtoto kaingia chuo, mama mzazi kalazwa, na benki inaona mteja wao analipa vizuri kila mwezi (kumbe unalipa wewe!). Wanamwambia anaweza kuongezewa mkopo kwa dhamana ile ile. Akisaini, wewe uliyekuwa unahesabu milioni 24 zimeshuka mpaka 15, ukienda kuulizia siku moja unakuta zimepanda mpaka 30. Utamlaumu nani? Benki ilikuwa haikujui.

BALAA LA NNE: KIFO

Hili ndilo watu hawapendi kulizungumza, na ndilo baya kuliko yote. Mikopo mingi ya benki huambatana na bima. Mkopaji akifariki, bima inalipa salio na nyumba inakuwa huru. Sasa mwalimu akitangulia mbele ya haki, deni limefutwa, hati inatolewa kwa msimamizi wa mirathi. Mjane na watoto wanakuja na hati safi yenye jina la marehemu, wanakukuta unaishi ndani au unakusanya kodi. Kwa macho yao wewe ni mvamizi. Hawakuwa na habari ya milioni 36, na pengine kweli marehemu hakuwaambia. Kesi inaanza, mawakili wanakula, wapangaji wanaacha kulipa kwa sababu hawajui wamlipe nani.

Wengine wanajidai wajanja, wanadai hati ya uwakili kutoka kwa muuzaji ili wasaini badala yake. Hati ya uwakili haihamishi milki, na kwa kawaida aliyeitoa akifariki nayo inafika mwisho wake.

BALAA LA TANO: MAMA WATOTO

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema wazi: nyumba ya ndoa haiuzwi, haiwekwi rehani, haitolewi zawadi bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ardhi nayo ikakazia upande wa rehani. Sasa mwalimu anakuambia “mke wangu hana neno, yeye ni mtu wa nyumbani tu.” Kaka, mtu wa nyumbani ndiye mwenye neno! Kama mama hajasaini, mkataba wako ni mtumbwi uliotoboka. Na kama mwenye hati ni mwanamke, mume naye anahusika hivyo hivyo, sheria haijachagua jinsia.

MBONA WAZUNGU WANAFANYA?

Kuna vijana wanaotazama mambo ya nje wataniambia, “Mbona Marekani watu wanatajirika kwa kuchukua mikopo ya wauza nyumba?” Ni kweli wapo wanaofanya. Kule ipo mikopo inayodhaminiwa na serikali, ile ya FHA na ile ya maveterani wa jeshi, ambayo mnunuzi anaweza kuirithi kwa riba ile ile ya zamani, lakini baada ya mkopeshaji kumchunguza na kumkubali. Mwaka 2021 riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 kule ilikuwa karibu asilimia 3, na mwezi wa kumi 2023 ilikaribia asilimia 8. Mwenye mkopo wa zamani alikuwa ameshika dhahabu, ndiyo maana watu waliukimbilia.

Ila hata huko, tangu sheria ya mwaka 1982, mkopeshaji ambaye mkataba wake una kipengele hicho anaweza kudai deni lote kwa mkupuo akigundua nyumba imeuzwa kinyemela. Kwa hiyo hata kwao chochoroni kuna mbwa.

Na sisi riba yetu? Mikopo ya nyumba Tanzania kwa miaka ya karibuni imekuwa kati ya asilimia 13 na 19 hivi. Hakuna dhahabu ya kurithi hapo. Mtu wa Sumbawanga hachukui deni la mwenzake kwa sababu riba ni tamu, anachukua kwa sababu hana milioni 60 taslimu. Hiyo ni sababu halali kabisa, ila inabadilisha hesabu.

TUPIGE HESABU

Salio milioni 24, riba asilimia 17 kwa mwaka, limebaki miaka 6. Marejesho yake ni kama shilingi 534,000 kila mwezi. Nyumba ina sehemu mbili, tuseme kila moja inapangishwa shilingi 150,000. Zikijaa zote mwaka mzima, unapata 300,000. Zilizobaki 234,000 zinatoka wapi? Mfukoni mwako, kila mwezi, kwa miezi 72. Hapo sijahesabu bati linalovuja, mpangaji aliyehama usiku, wala choo kilichojaa. Kodi ya majengo nayo tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU, na kodi ya pango la ardhi ipo pale pale kila mwaka.

Jumlisha: milioni 36 ulizompa mwalimu, na milioni 38.4 za benki mpaka mwisho. Nyumba ya milioni 60 imekugharimu zaidi ya milioni 74. Sisemi usinunue. Inawezekana baada ya miaka hiyo 6 nyumba ina thamani kubwa zaidi na kodi imepanda. Ila usidanganywe kwamba inajilipa yenyewe. Na wewe wa mahindi kumbuka, pesa yako inakuja kwa msimu, benki inakata kila mwezi. Kama huna akiba ya marejesho ya miezi 6 pembeni, subiri kwanza mavuno mengine.

NJIA YA WAZI NI HII

Kwanza kabisa, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi rasmi wa hati. Tangu serikali ilipofungua ofisi za ardhi kila mkoa mwaka 2020, mtu wa Rukwa halazimiki tena kupanda basi kwenda Mbeya kwa shughuli hizo. Upekuzi utakuonyesha mwenye jina ni nani, rehani ni ya nani, na kama kuna zuio lolote. Angalia pia hati imebakiza miaka mingapi, maana ardhi ya nchi hii ni ya umma, na hati hutolewa kwa muda wa miaka 33, 66 au 99.

Halafu wewe na muuzaji mwende pamoja kwa mkopeshaji. Ndiyo, pamoja! Muuzaji anayekataa kwenda na wewe benki amekwisha kukujibu. Ombeni barua inayoonyesha salio la deni mpaka siku hiyo, riba ni ya kudumu au inabadilika, na kuna faini gani ukilipa kabla ya muda.

Hapo mna njia tatu. Ya kwanza, benki ikikubali, wewe unapimwa kama mkopaji mpya, unasaini mkopo kwa jina lako, rehani inaandikwa upya na mwalimu anaachiwa huru kwa maandishi. Ya pili, una pesa za kutosha kumaliza salio: unazilipa moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, si mkononi kwa mtu, kwa makubaliano ya pande tatu kwamba benki ikipokea itaondoa rehani na kutoa hati, halafu kinachobaki anapewa muuzaji. Ya tatu, benki yako wewe inanunua deni hilo kutoka benki ya mwalimu, na hati inahamia kwao mpaka utakapomaliza.

Katika njia zote tatu, ridhaa ya mwenzi iwepo, mkataba uandaliwe na wakili, maombi ya kuhamisha milki yapelekwe ofisi ya ardhi, na kodi zilipwe. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, na muuzaji anayeishi nchini hutozwa kodi ya faida ya mauzo, kwa kawaida asilimia 10 ya faida, ingawa kuna msamaha kwa baadhi ya nyumba za kuishi. Kubalianeni mapema nani analipa nini, maana hapo ndipo urafiki wa wengi unapovunjika.

WASIO NA HATI JE?

Nawasikia wa Chanji na Jangwani mnasema, “Sisi nyumba zetu nyingi hazina hati, tuna karatasi za mauziano tu.” Usijione umepona. Kama karatasi hizo zipo kabatini kwa SACCOS au kwa mkopeshaji mwingine kama dhamana, nyumba hiyo ina mwenye nayo wa pili. Ukiambiwa “karatasi zipo kwa kaka yangu Mbeya,” omba kuziona kwa macho yako kabla hujatoa hata kianzio cha soda. Na huko vijijini penye hati za kimila, mgeni hanunui bila halmashauri ya kijiji kuidhinisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndivyo inavyotaka.

Tena kuwa macho na nyumba zilizokuwa za serikali, zile zilizouzwa kwa watumishi kuanzia mwaka 2002. Waliuziwa kwa kulipa polepole, na ziliambatana na sharti la kutoziuza kabla ya miaka 25. Ukipelekewa nyumba ya namna hiyo, dai mkataba wenyewe usome tarehe na masharti.

Wazee wetu wanakumbuka Benki ya Nyumba Tanzania, THB, iliyoanza mwaka 1972 na kufungwa mwaka 1995. Baada ya hapo mikopo ya nyumba ikawa adimu kama maziwa ya kuku, mpaka ilipotungwa sheria maalumu ya mikopo ya nyumba mwaka 2008 na kuundwa TMRC mwaka 2010 ili kuyapa mabenki pesa za muda mrefu. Ndiyo maana wengi wetu hatujazoea mambo haya. Baba zetu walijenga tofali moja moja, hakuna aliyewafundisha kusoma mkataba wa rehani.

NENO KWA MUUZAJI

Na wewe mwalimu usidhani balaa ni la mnunuzi peke yake. Ukimwachia mtu deni kienyeji, jina linabaki lako. Asipolipa, rekodi yako ndiyo inayochafuka kwenye taarifa za mikopo, na siku utakapotaka mkopo wa kumsomesha mwanao utaambiwa hukopesheki. Mnada ukifanyika na pesa isitoshe, atakayedaiwa salio ni wewe, sio mfanyabiashara wa mahindi. Kwa hiyo hata kama una haraka ya kuhama, tafuta siku mbili mwende benki.

Haya wapenzi, mwenye masikio amesikia. Kabla hujafungua pochi, jiulize maswali matatu tu: Hati iko wapi? Benki inajua? Mama watoto amesaini? Likikosekana jibu la moja, rudisha pesa ndani ya koti, kanywe chai ya moto uondoe baridi. Nyumba zipo nyingi Sumbawanga, na zinaendelea kujengwa.

Tukutane wiki ijayo hapa hapa. Kwa leo, kwaherini.